Konzi Moja Mnarani

Mpiga kengele wa parokia yetu hupanda mnarani kila Jumamosi na kopo la grisi, mikono myeusi tititi, akiigombeza kengele: "Bibi kizee wewe, unakula grisi kuliko lori!" Mkewe ndiye aliyekuwa akimshikia ngazi. Mzee akifika juu huipiga kengele konzi moja tu, na mkewe alikuwa akiitikia kutoka chini, "Nimesikia, baba watoto!" Jumamosi baada ya kumzika mama yule, ngazi niliishika mimi, mfagiaji wa kanisa. Mzee akapiga konzi yake. Nikamwonea huruma, nikaitikia, "Nimesikia, mzee!" Akashuka polepole, kopo hata hakulifungua. "Wewe shika ngazi tu, mwanangu," akasema. "Sikukugongea wewe."