Mwenyekiti na Mbwa Mwitu wa Zamani

Mwaka ule vijana wa kanisa letu la Riruta waliomba ruhusa. Hilo halikuwa jambo dogo. Mwaka uliotangulia walikuwa wameponyoka kwenda sinema Parklands bila kumwambia mtu, nasi wazee tukapata habari Jumapili, pale mmoja wao aliposimama kutubu mbele ya ushirika akawataja na wenzake wote. Safari hii walikuja mlangoni pa kikao chetu, nywele zimechanwa. Kiongozi wao, binti mrefu aliyekuwa akisomea uuguzi, alisema wanataka kwenda mjini kutazama filamu ya mtu anayegeuka mbwa mwitu mwezi unapokuwa mpevu. Ilikuwa filamu ya zamani, imetengenezwa upya, na kila mtu alikuwa akiizungumzia.

“Mbwa mwitu,” akasema mwenyekiti wetu, kama daktari anayerudia jina la ugonjwa.

Mwenyekiti alikuwa ameuza mbao Kangemi miaka mingi kabla ya kustaafu, na alipima watu kama mbao: aliyepinda aliwekwa kando. Mahubiri yake dhidi ya sinema tuliyajua kwa moyo. Mimi nilikuwa mlezi wa vijana, na sikuwa na hamu yoyote na mbwa mwitu. Lakini niliwatazama wale watoto nikajua kwamba wakikataliwa baada ya kuomba, hawataomba tena. Wataponyoka tu, na safari hiyo hakuna atakayetubu.

Nikasema hivyo. Mzee mmoja akapendekeza tutume wapelelezi waione nchi kwanza, kama wakati wa Musa. Wapelelezi tukawa wawili: mimi na mwenyekiti.

Tulikwenda mchana, mimi na kitambaa changu cha kanisa kichwani, yeye na koti zito na kofia. Ukumbi ulikuwa umejaa vijana wa vyuo. Wimbo wa taifa ulipopigwa sote tukasimama, na mwenyekiti akavua kofia. Ulipokwisha watu wakaketi. Yeye akabaki amesimama, macho yamefumbwa, anangoja mtu aongoze maombi.

“Guka, kaa basi,” kijana wa nyuma yetu akamwambia kwa upole, kama anayesema na babu yake. “Leo tumekuja kuona mnyama, si koti.”

Akakaa.

Wale vijana walikuwa wamekuja kutishwa, tena walikuwa wamelipa watishwe, kwa hiyo walidai haki yao. Msichana katika filamu aliposhika taa kwenda msituni peke yake, ukumbi mzima ulimkanya. “Wewe! Rudi!” “Wacha aende, amezoea kuambiwa!” “Haki huyu hana shangazi wa kumshauri?” Hakurudi.

Mwenyekiti alikuwa ametulia kupita kiasi. Kijana wa filamu, yule atakayegeuka, aliposimama mbele ya kioo, nikamsikia mwenyekiti akinong’ona, “Sasa ataangalia mikono.”

Kijana akaangalia mikono.

“Umejuaje?” nikamuuliza.

“Nimefunuliwa,” akasema, bila kuondoa macho kwenye skrini.

Ufunuo si kitu cha kudharau. Lakini akafunuliwa tena kwamba paka atakimbia, na paka akakimbia. Akafunuliwa kwamba mama atazima mshumaa, na mshumaa ukazimwa. Nimeishi na watumishi wa Mungu wengi, sijamwona aliyefunuliwa mambo madogo kiasi hicho.

Kisha mnyama akaruka. Aliruka kutoka juu ya ghala akaja moja kwa moja usoni pangu, na kabla sijakumbuka niko wapi nilikuwa nimesimama, mkono juu: “Ushindwe kwa jina la Yesu!”

“Amen!” ukumbi wote ukaitika.

Kicheko kilichofuata kilikuwa kirefu. Kijana wa nyuma akaninyooshea pakiti yake juu ya bega, kama mjukuu kwa bibi yake. “Shosho, chukua bisi. Umetuokoa.” Nikachukua. Zilikuwa za moto, na chumvi ya kutosha, nikamshukuru Mungu kimya kimya kwa bisi pia.

Baada ya hapo hofu yao ilipungua. Mnyama alionyeshwa mno, kila unywele, nao wakaanza kumchambua kama ng’ombe wa mnada. “Hiyo ni kompyuta tu.” “Ona manyoya, ni kama mkeka wa nyumbani kwetu.” “Afadhali mbwa wa landilodi wangu.”

Mwenyekiti hakucheka. Alikuwa ameinama mbele, kofia ameishika kwa mikono miwili. “Sasa inakuja,” akaniambia. “Sasa. Tazama vizuri.” Kijana wa filamu alikuwa anakimbia kijijini, mwezi unachomoza. Nikatazama. Watu wenye bunduki wakatokea, kukawa na moto na vioo kuvunjika, kijana akageuka pale pale barabarani.

Mwenyekiti akasimama. “Wamekata!” akasema, na sauti yake ilikuwa ya madhabahuni, haikuhitaji kipaza sauti. “Mlango uko wapi?”

“Mlango gani, Guka?”

“Mlango wa kanisa!”

“Kumbe uliiona ile ya kwanza?” kijana wa nyuma akauliza.

Nilimvuta koti. Alikuwa amekwisha kujifichua.

Tulipotoka, wale vijana walimzunguka kwenye ngazi za nje, nami nikasimama kando na bisi zangu. Aliwaeleza. Katika ile ya zamani, alisema, humwoni mnyama mpaka karibu na mwisho. Unaona kivuli tu, na unasikia mbwa wa kijiji wakinyamaza mmoja baada ya mwingine. Na yule kijana, akijua kwamba mwezi unakuja, anakimbilia kanisani. Anabisha. Kasisi yuko ndani, anasikia, anashika komeo. Anafikiri. Halafu analiachia, anarudi kupiga magoti aombe.

“Asimfungulie?” kijana wa bisi akauliza.

“Hakumfungulia. Ndipo akageuka.”

Kisha mmoja akapumua: “Sasa hiyo ndiyo ya kutisha.”

Tulikunywa chai kabla ya kurudi. Mwenyekiti alikoroga sukari muda mrefu. “Dada,” akasema, “utawaambia wazee?”

“Mwenyekiti ni wewe. Ripoti ni yako.”

Akaendelea kukoroga. Nami nikamwombea, nikawaombea na wale watoto, maana sikujua chai ile ingemtuma upande gani.

Kikao kilipokutana, yule binti kiongozi wa vijana aliketi kwenye benchi karibu na mlango, mikono mapajani. Mwenyekiti akasimama.

“Filamu ni mbaya,” akasema.

Binti akainamisha kichwa. Wazee wawili wakaitikia “ndiyo” kabla hajamaliza.

“Wameiharibu. Ile ya kwanza ilikuwa bora zaidi.”

Mzee aliyetutuma upelelezi akakohoa. “Ya kwanza, mwenyekiti? Uliiona kabla ya kuokoka, ama baada?”

Mwenyekiti alifikiri kwa uaminifu. “Mara mbili kabla,” akasema. “Mara moja baada.”

Sitasema ni mzee gani aliyecheka kwanza, kwa sababu ni mimi.

Alingoja tumalize. Kisha akasema, akiwa amemtazama yule binti na si sisi, “Hawa wamebisha. Wangeweza kupita dirishani, njia wanaijua. Mimi sitakaa ndani na komeo mkononi. Waende, na mimi niende nao, kwa sababu kuna mahali pamekatwa na lazima waelezwe.”

Walikwenda Jumamosi, safu mbili nzima, mwenyekiti katikati. Wimbo wa taifa ulipokwisha aliketi pamoja na wengine. Mnyama aliporuka, vijana wetu, waliokwisha kusimuliwa kisa changu, walinigeukia mimi, nami nikainua mkono kidogo tu, wasikose kitu walichoahidiwa. Na yule kijana wa filamu alipoanza kukimbia kijijini, nyuso zote za safu zetu ziliacha kutazama skrini zikamwelekea mwenyekiti, naye akaanza kuwanong’onezea habari za mlango.

Nyuma yetu mtu tusiyemjua akaegemea mbele.

“Guka,” akasema, “ongeza sauti.”