Katuni ya Mizuho

Siku Mizuho Yachida alipojifungia, miti ya cheri ilikuwa imechanua mji mzima wa Himi, huko Japani. Alirudi kutoka kazini mchana, saa ambayo walimu wenzake wa chekechea walikuwa wakiwalaza watoto, akavua viatu, akapanda ngazi bila kumsalimu mtu, akafunga mlango. Mama yake, Fumie, alidhani ni homa. Akampelekea uji, ukapoa pale pale mlangoni. Kesho yake ikawa vile vile. Maua yakapukutika, joto likaja, theluji ikaanguka ikayeyuka ikaanguka tena, na Fumie bado alikuwa akipanda na sinia na kushuka na vyombo vitupu.

Kilichompata bintiye alikuja kukisikia dukani, kwa mzazi wa mtoto mmoja. Mwalimu mkuu alikuwa akimgombeza Mizuho mbele ya watoto kila siku ya Mungu, mpaka watoto wenyewe wakaanza kumwigiza mkuu: wakimwona Mizuho wanaweka mikono kiunoni na kufoka, "Mwalimu Mizuho, tena?" Fumie alisimama mbele ya mabunda ya figili, hajui aende wapi.

Kilichomkera zaidi ni katuni. Kutoka nyuma ya ule mlango haikutoka sauti nyingine ila ya wasichana wa katuni wakicheka, na wimbo ule ule wa kuanzia, asubuhi mpaka jioni. Mumewe, Seiji, aliyeendesha gari la kusukuma theluji barabarani, alikuwa akiusikia anapokula.

"Mtu mzima," alisema. "Ana miaka ishirini na sita. Mimi umri huo nilikuwa na mke na paa la kuezeka."

"Punguza sauti, Baba Mizuho, atasikia."

"Asikie! Kwani anasikia kitu gani humo zaidi ya vikatuni?"

Fumie naye hakuwa na maneno bora. Alikuwa akisimama mlangoni na kusema yale yale: Utatoka lini? Mwenzako Kaede mliyesoma naye amejifungua, unajua? Unataka nikufanyie nini? Alingoja jibu kama mtu anayengoja simu ya hospitali, kisha akashuka.

Majira ya baridi ya pili yalipoanza, Seiji alikuja na karatasi ya tangazo aliyopewa na mtu kazini. Kulikuwa na watu kazi yao ni kuja nyumbani na kuwatoa waliojifungia, kisha kuwapeleka kwenye bweni lao huko milimani, wajifunze kuamka na kufanya kazi. Watakuja Alhamisi ya wiki ijayo. Fumie aliuliza wanawatoaje. Seiji akasema wanaongea nao.

"Na asipotaka kuongea?"

Seiji hakumtazama. "Mimi na wewe tutakufa, Mama Mizuho. Siku hiyo nani atampandishia sinia?"

Swali hilo Fumie alilijua. Lilikuwa likimwamsha. Akainamisha kichwa, akakubali.

Alifanya kazi kwenye kiwanda cha samaki wa kusaga, na pembeni yake mstarini alisimama Tatsuko, mjane mwenye mdomo usiofunga. Kesho yake Fumie alikata vidole vya glavu mara mbili kwa kisu. Wakati wa chakula Tatsuko alimkalia mbele.

"Haya, sema. Au nikupige na samaki?"

Fumie akasema yote, hata jina la katuni. Tatsuko akaangua kicheko, kisha akaona uso wa mwenzake, akaacha.

"Shoga, katuni hiyo naiangalia mimi! Tangu mzee wangu afariki. Hebu njoo."

Akafungua simu, wakainamia pamoja juu ya visanduku vya wali. Ilikuwa habari ya wasichana wanne wa shule ya mlimani walioanzisha kikundi cha kunywa chai kwenye stoo ya zamani ya majembe. Sehemu hiyo walitaka kuchoma viazi vitamu kwenye majani makavu. Majani yalikuwa na unyevu, moto ukakataa, wakapuliza mpaka nyuso zikawa nyeusi, wakachekana, wakala matunda mabichi ya kaki waliyochuma juu ya mti, wakarudi makwao jua likizama.

"Halafu?" Fumie aliuliza.

"Basi, imeisha."

"Hadithi yenyewe iko wapi?"

"Haipo. Ndiyo raha yake."

Fumie alihisi hasira ya kweli. Mwanawe anaoza chumbani kwa ajili ya viazi visivyoiva! Lakini siku iliyofuata ni yeye aliyesema, "Weka nyingine." Ikawa ile ambayo msichana mmoja, Kohaku, anaacha kuja kikundini. Hakuna anayejua kwa nini. Wenzake wanaendelea kuchemsha maji na kupanga vikombe vinne. Siku anaporudi, amesimama mlangoni na mabega yamepanda mpaka masikioni, mwenzake mmoja anasogea kwenye benchi kumpa nafasi, anaendelea kusimulia habari za paka wake. Hakuna anayemuuliza kitu.

Fumie aliinuka, akaenda kwenye chumba cha kubadilishia nguo, akaingiza uso ndani ya koti lake akalia. Alikuwa akikumbuka kila swali alilowahi kulipiga kwenye ule mlango.

Jioni hiyo alipopandisha sinia hakushuka. Alikaa sakafuni kwenye ujia, mgongo ukutani, miguu ndani ya blanketi, akafungua katuni ile kwenye simu yake na kuacha sauti itoke. Ndani, sauti ilizimwa ghafla. Fumie akaangalia sehemu nzima, akanyanyuka magoti yakilia. Kesho yake akarudi. Siku ya tatu alisema, kama anayejisemea, "Huyu Kohaku simwelewi. Anarudi hata hasemi samahani?"

Karibu kabisa na mbao za mlango ikatoka sauti iliyokwaruza kama bawaba yenye kutu:

"Umeanza na sehemu ya saba. Hujaangalia ya tatu."

Fumie aliuma blanketi asipige kelele. "Ya tatu kuna nini?"

"Kuna bibi yake."

"Aa. Basi nitaiangalia."

Aliiangalia hapo hapo, na Mizuho akaiwasha ndani, zikawa zinasikika sauti mbili, moja nyuma kidogo ya nyingine. Siku mbili zilizofuata walizungumza hivyo, maneno machache machache. Fumie alithubutu kumuuliza anapenda nini humo.

"Unadhani mimi nadhani ni kweli?" Mizuho alisema. "Najua si kweli, Mama. Watu hawako hivyo. Lakini humo mtu akikosea wanacheka naye, kesho anajaribu tena, mwisho anaweza. Nikiiangalia, kifua kinaacha kubana. Nikiizima kinaanza."

Fumie alishuka ngazi akimkimbilia mumewe. Alipiga magoti kwenye mkeka, paji la uso chini.

"Waambie wasije. Ameongea! Ameniongelesha, Baba Mizuho, nakuomba."

"Ameongea nini?"

"Habari za katuni."

Seiji alimtazama muda mrefu, macho mekundu. "Unaona sasa? Na wewe amekuingiza humo."

Alimwomba asubuhi, alimwomba jioni, alimfuata mpaka kwenye gari la theluji akimshika mkono wa koti mbele ya wafanyakazi wenzake. Seiji alimbandua vidole kimoja kimoja. Yeye pia alikuwa na hofu, tena kubwa, lakini hofu yake ilijua njia moja tu.

Jumatano Fumie alikaa ujiani, simu imezimwa.

"Mizuho. Kesho asubuhi watakuja watu kukuchukua. Baba amewaita. Na mimi nilikubali. Nimejaribu kuzuia, nimeshindwa."

 Alingoja, akabisha, akaita, akabembeleza. Sinia la jioni halikuguswa.

Walikuja wanaume wawili na mwanamke mmoja, waungwana sana, wakavua viatu wakavipanga vizuri. Fumie alikaa katikati ya ngazi akazishika nguzo.

"Mama, wazazi wote huwa hivi siku ya kwanza," mwanamke alimwambia kwa upole. "Baadaye hutushukuru."

"Rudini kwenu."

Seiji alimnyanyua kwa makwapa kama mtoto. Wakapanda, wakabisha, wakajitambulisha. Ndani kimya kabisa, hata wimbo haupo. Wakabisha tena. Fumie alimwona mumewe akipauka, akajua wamefikiria kitu kile kile. Seiji aliwasukuma wale watu, akaupiga mlango kwa bega, mara ya kwanza, ya pili, mpaka fremu ikapasuka.

Dirisha lilikuwa wazi, pazia limelowa. Juu ya paa la banda la chini, theluji ilikuwa imeburuzwa, na kuanzia bandani nyayo zilikwenda barabarani. Nyayo za soksi.

Fumie alitoka na ndara. Alikimbia akiita, theluji ikimwingia mdomoni, majirani wakifungua milango ambayo kwa karibu miaka miwili alikuwa akiipita ameinama asiulizwe. "Mwanangu! Mmemwona mwanangu?" Siri yote ikamwagika barabarani. Muuza tofu ya soya akaacha duka akatafuta nao. Seiji ndiye aliyemwona, nyuma ya mashine ya vinywaji karibu na kituo cha treni, amejikunja pale inapotoa joto, midomo ya bluu, nywele mpaka kiunoni. Hakumfokea. Alivua koti, akamfunika, akambeba mgongoni mpaka hospitali, akisema njia nzima, "Usilale, usilale," kwa sauti ambayo Fumie hakuwahi kuisikia kwake.

Mizuho alipoteza vidole viwili vya mguu wa kushoto kwa baridi. Wale watu waliondoka na gari lao, na Seiji hakuwaita tena. Mlango aliokuwa ameuvunja aliutengeneza kwa mikono yake, akatia komeo kwa ndani, imara kuliko la zamani. Alipomaliza alibaki ameshika bisibisi, hajui aiweke wapi.

Mizuho alirudi chumbani na hakumsemesha mtu majira yote ya baridi. Fumie alikaa ujiani kila jioni na katuni yake.  Aliimaliza yote, akaanza upya. Kuna jioni aliichukia mno kiasi cha kutaka kuitupa simu: wale wasichana huanguka na kuinuka kwa muda wa kunywa kikombe kimoja cha chai, na yeye magoti yamekufa ganzi, hajui kama anamsaidia mwanawe au anamzika taratibu. Tatsuko, alipomwambia hivyo, hakuwa na mzaha. "Sijui, shoga," alisema. "Kweli sijui."

Theluji ilipoisha, jioni moja, wakiwa mezani na Seiji, ngazi zililia. Mizuho alishuka akichechemea, akakaa. Fumie alimpakulia, ukawa wali mwingi mno. Seiji alimsogezea sahani ya samaki.

"Samaki huyo ana miiba," alisema.

"Najua," alisema Mizuho.

Alikula nusu ya samaki, akasema ahsante kwa chakula, akapanda. Kesho yake Fumie alipanga sahani tatu, akangoja mpaka supu ikapoa. Hakushuka. Fumie akaipasha moto, akaimimina kwenye bakuli, akachukua sinia.