Tuta la Kitovu

Usiku ule Icilda Parchment hakulala. Alikaa jikoni na simu mbele yake, chai ya mchaichai imepoa kikombeni, akisubiri habari za binti yake wa pekee, Kerine, aliyepelekwa hospitali jioni kujifungua. Aliyempeleka ni mama mkwe wa Kerine, Verlene, jirani wa upande wa pili wa uzio. Verlene alisema gari la mwanawe, mume wa Kerine, halina nafasi ya mtu mwingine. Icilda alikiona kiti cha nyuma kwa macho yake. Kilikuwa kimekaliwa na mkoba wa Verlene.

Aliogopa uchungu wa mwanawe, lakini kulikuwa na jambo jingine lililomsumbua zaidi. Kitovu cha mtoto kingezikwa wapi? Katika vilima vile vya udongo mwekundu, kitovu kinapozikwa na mti ukapandwa juu yake, hapo ndipo kwenu, hata ukizeekea ng'ambo. Cha Kerine kilikuwa chini ya mshelisheli, nyuma ya nyumba ya Icilda.

Lakini udongo mzuri ulikuwa kwa Verlene. Vitunguu vya majani, karoti, thaimu, tuta kwa tuta, yote yametandikiwa nyasi kavu za gini, zile ndefu za kilimani, kama mkeka. Ukizifunua, udongo wa chini ni mweusi na una unyevu hata mwezi Machi, katikati ya kiangazi. Kwa Icilda palikuwa pagumu kama kigae.

Mimba ilipofika miezi mitano, Kerine alitania, "Mama, kwako hata mchicha wa kalalu unaota kwa kusukumwa. Mti wa mtoto utaweza kweli?"

Verlene, aliyekuwa uzioni, alicheka kupita kiasi cha utani wenyewe.

Kesho yake Icilda aliazima sururu. Alichimba nyumbani kwake, chini ya dirisha la chumba alimolala Kerine, akatoa mawe karai kwa karai, akachanganya samadi kuukuu ya mbuzi, jivu na maganda ya viazi vikuu. Zikabaki nyasi za kufunika. Kila mtu pale anajua kwamba nyasi za gini hukatwa kabla hazijatoa mbegu. Ila Verlene alikuwa amewahi kilimani na kukata zote changa. Icilda hakuweza kungoja, na kila asubuhi mkeka wa jirani ulimchoma macho. Akakata zilizobaki, mbegu zikining'inia, akazitandaza.

Mvua ya kwanza iliponyesha, tuta lake lote likawa kijani kwa nyasi changa.

"Hongera, mkwe mwenzangu," Verlene alisema, ameegemea uzio. "Naona umepanda malisho. Mbuzi wanakuja lini?"

"Wa kwanza amekwisha fika. Huyo ameegemea uzio."

Icilda aliingia ndani akalia. Kisha akatoka, akapiga magoti, akaanza kung'oa mche mmoja mmoja pamoja na mzizi wake. Wiki tatu. Alipong'oa, alisikia udongo ukilegea vidoleni, na siku moja akakuta nyungunyungu, mnene, wa kwanza tangu aolewe katika nyumba ile. Akamfunika haraka, Verlene asije akamwona.

Simu iliita alfajiri.

"Msichana," ilisema sauti ya Verlene. "Wote wazima. Paji la uso ni letu kabisa."

Icilda alimshukuru Mungu, na kabla hajamaliza kushukuru wivu ukamchoma.

Kutoka hospitali Kerine alipelekwa kwa Verlene, kwenye bafu la ndani na maji ya moto. Kila siku Icilda alikwenda na uji, akamshika mtoto kidogo, akarudi kwake. Siku ya tisa Kerine alimwambia kitovu kimedondoka, kisha akamgeukia mtoto. Mchana ule Icilda akamwona Verlene akitoka na uma wa kulimia, anapita kati ya karoti zake. Hakutaka kuona zaidi. Akaingia ndani, akafunga mlango kwa komeo.

Mlango ukagongwa.

"Fungua, Icilda."

Icilda alizima redio.

"Najua umo. Redio umeizima sasa hivi."

"Nimelala."

"Mtu aliyelala hajibu." Maneno ya Verlene yaliyofuata yalitoka kwa shida. "Kerine amekataa kitovu kizikwe kwangu. Anasema matuta yangu napindua kila msimu kwa ajili ya soko, mti utang'olewa kabla haujashika. Nimempa kona. Nimempa mbele ya baraza. Hataki. Anasema alikuona kutoka dirishani kwake, wiki tatu ukitambaa kama mtoto. Sasa mimi, mimi, ndiye ninayetumwa kuja kuchimba shimo kwako."

Icilda alichungulia kwenye ufa. Verlene aliinama, akachota udongo wa tuta kiganjani, akaufinya, akaunusa. Uso wake ukakunjamana. Icilda aliujua uso ule. Alikuwa ameuona kwenye kioo chake tangu mimba ile ianze. Getini Kerine alikuwa anakuja polepole, mtoto kifuani, leso nyeupe iliyokunjwa mkononi.

Angeweza kufungua hapo hapo. Alimwacha Verlene juani kidogo zaidi, uma mkononi.

"Usilikanyage tuta langu," alisema hatimaye, akavuta komeo, akafungua.