Vijiti Vitano vya Niobi

Luhende alimwaga kopo la vijiti vya kuchomelea ili avianike, maana masika yalikuwa yameingia hadi ndani ya nyumba yake hapo Kisesa. Vitano vikadondoka vikiwa na chembe za rangi nyekundu mkiani. Akainama akaviokota kimoja kimoja.

Alivijua. Liaqat, mhandisi wa kiwanda kimoja cha sabuni kule Nyakato, alimpa kwa kazi moja tu: kuunga bomba la tindikali ya moto. Luhende akavitia alama kwa rangi ya kucha ya mkewe, kisha akavikausha juu ya jiko la mkaa pamoja na vingine, kama wafanyavyo mafundi wa huku, ambako unyevu wa ziwa hausazi kitu. Kumbe moto uliila ile alama, ukabakiza chembe tu. Bila kujua, akachukua vitano vingine vinavyofanana navyo, akachomelea, akasifiwa.

Na chini ya mshono ule, miezi minane sasa, binti yake Gladness alikuwa akiketi kupanga miche ya sabuni.

Mwalimu wake wa ufundi aliwahi kumweleza. Chuma kisichoshika kutu kinalindwa na kromi. Kikipata moto wa kuchomelea, kaboni iliyomo huinyakua kromi, chuma kikabaki uchi. Niobi, metali ya kijivu isiyotishwa na joto, huiwahi kaboni na kuifunga. Hutiwa hata kwenye injini za ndege. Bomba la kiwanda lilikuwa nayo, na vile vijiti vitano pia. Mshono wa Luhende haukuwa nayo.

Akapiga simu kwa Gladness. Ikaita bure, wafanyakazi huacha simu getini. Akavirudisha vile vitano koponi, akarukia bodaboda hadi kiwandani, kopo kifuani.

"Mzee Luhende!" Liaqat alicheka. "Siku hizi unauza maziwa?"

"Funga bomba, bosi. Nilikosea vijiti. Funga kwanza, kunifukuza baadaye."

Liaqat akachungulia ndani ya kopo. Hakucheka tena. Akapiga kelele valvu ifungwe, watu watoke.

Gladness alipita akijifuta mikono. "Shikamoo baba. Mbona unahema hivyo?"

"Marahaba. Toka nje, mwanangu. Toka tu."

Bomba liliposafishwa kwa maji na kupoa, Luhende akapanda ngazi. Pande zote mbili chuma kiling'aa. Katikati, mshono wake ulikuwa umegeuka kahawia, umejaa vitundu kama ubao ulioliwa na mchwa. Akaugonga taratibu kwa ncha ya nyundo.

Ncha ikazama.

Alichungulia chini. Kiti cha Gladness kilikuwa palepale, na kanga yake aliyoikunja ikawa mto.

Liaqat akamnyooshea vile vijiti vitano. "Rudia basi. Safari hii ndivyo vyenyewe."

Luhende akashika ngazi kwa mikono yote miwili.

"Tafuta fundi mwingine, bosi. Mimi nishushe kwanza."