Dobi na Kola ya Shati

Jirani wa mlango wa pili alikwisha kutangaza kwamba dobi kapandwa na mashetani ya Kizungu. "Anazisemesha nguo, shoga!" Mama kijana aliyekuwa akianika nepi alitega sikio upande wa dobi. Dobi hukung'uta kila shati mara mbili, na kila akianika hutamka kwa Kiingereza sentensi isiyo na mtu: mashati hulowekwa, mashati husuuzwa. Ulimi ukimteleza akasema "naloweka", hujipiga kikofi cha mdomo na kuanza upya. Ijumaa ana mtihani wa masomo ya jioni: aeleze kwa maandishi jinsi nguo zinavyofuliwa, bila kujitaja. Akifaulu, hospitali itamwajiri kuwafundisha madobi wapya.

Asubuhi moja alimsomea yule mama daftari zima, Kiingereza kwanza, kisha Kiswahili. Mama akamhamishia mtoto bega la pili. "Na kola je, shemeji? Mbona kila siku naona unaisugua sabuni kwa dole gumba kabla ya kuloweka?"

Dobi akapekua kurasa mbele na nyuma, hakuiona. Akalitazama dole gumba lake, ukucha umelika upande. "Linafanya lenyewe hili," alisema. "Miaka kumi na minane, halijaniambia." Akaiandika kola pembeni, kisha akamwonyesha beseni.

"Shemeji, kesho niletee shati chafu la bwana. Mimi nitasoma, wewe utafua vile vile ninavyosoma. Na nikiruka kitu, tafadhali usinisaidie. Acha shati litoke chafu."