Mama Aliyeomba Kuandikwa kwenye Kodi

Mwaka wa kwanza nilipofanya kazi ya kupima parseli, yaani viwanja vya watu, kwa ajili ya kodi ya nyumba, nilizoea kufungiwa milango. Mtaa wa Bel-Air ulikuwa unajengwa haraka. Nyuma ya nyumba nyingi kulisimama vyumba vipya vya kupangisha, na wenyewe walituambia kwamba vile ni stoo tu, au vya mbuzi.

Ndiyo maana yule mama alinishangaza. Alikuwa mjane. Mumewe, mfanyakazi wa reli, mtu wa kaskazini, alihamishwa kituo hadi kituo mpaka Sakania kabla ya kustaafu na kujenga hapa. Alitufungulia geti hata hatujabisha. Alituonyesha nyumba, jiko la nje, choo, hata kibanda cha kuku, akamwambia mwenzangu aliyeshika utepe wa kupimia auvute vizuri, umelegea.

Nilimuuliza kwa nini hafichi kitu kama wengine.

"Bwana yangu alikufa mbele ya kupata karatasi ya parseli," alisema. "Bandugu yake banasema hapa haiko kwangu. Mukiniandika ku kodi, nitakuwa na karatasi moja yenye jina yangu."

Nilimwandika, nikarudi ofisini na furaha. Lakini mkubwa wangu alipoiona fomu alikunjua ramani. Komini, yaani manispaa yetu, ilikuwa imeamua kwamba, kabla nyumba hazijabanana kabisa, ibakizwe njia ya mfereji wa maji ya mvua, na njia hiyo ilikata parseli ya mama. Aliniambia nisimpe karatasi kwanza, maana mtu akishalipia kodi mahali, kumwondoa pale ni kazi.

Hakuwa mtu mbaya. Mimi mwenyewe nilikuwa nimepita mtaa wa chini baada ya mvua, nikaona magodoro yameanikwa juu ya kuta. Hata hivyo sikuweza kumpelekea mama jibu lile. Wiki nzima nilipita barabara nyingine. Mwishowe nilimwomba mkubwa aje aone mwenyewe. Akaja, na viatu vyake vya ofisini, kwenye matope.

Alipima kwa hatua, akarudi, akapima tena. Alisema mfereji unaweza kusogezwa upande wa barabara, ila si kiasi cha kulinusuru jiko la nje.

Mama aliligeukia jiko lile. Mumewe alikuwa amelijenga kwa mikono yake.

"Na nyumba?" aliuliza.

"Nyumba itabakia, mama," mkubwa alimjibu.

"Na miye, mutaniandika?"

"Tutakuandika."

Siku ya kubomoa aliwakataa vibarua wa komini. Yeye na dada yake walitoa matofali moja moja, wakayapanga kando ya nyumba. Nilirudi kupima upya, na parseli ikaandikwa ilivyobakia.

Nilipomletea karatasi, alilisoma jina lake herufi kwa herufi, akaikunja ndani ya kitabu chake cha sala. Kisha aliniambia, bila hasira, kwamba kupikia barazani kwenye moshi kunamchosha, na nisidhani amesahau. Nilimsaidia kusogeza mbabula yake, jiko dogo la bati, makaa yakiwa bado yanawaka, upande usio na upepo. Akapakua bukari, ugali wetu, na samaki wa ziwani kutoka Kilwa, akanisogezea kiti, tukala.