Shingo ya Priscah

Ilikuwa saa tisa alasiri, jua likiwaka, Mwalimu Beverly Chepngetich alipokuwa akitoka semina Kericho pamoja na mwenzake Priscah. Jirani alikuwa amewabeba kwa gari lake dogo. Nyuma walikaa watatu. Viti vya pembeni vilikuwa na viegemeo vya kichwa, lakini mgongo wa kile cha katikati uliishia mabegani. Priscah alikaa hapo kwa sababu alikuwa mwembamba.

Karibu na Kimulot walisimama kupisha ng'ombe. Lori la majani chai likawagonga kwa nyuma. Halikuwagonga sana: taa zilipasuka, buti ikakunjika. Beverly alimgeukia Priscah amwambie washuke, akaona kichwa chake kimelala mahali ambapo kichwa cha mtu hakifiki.

"Ni shingo," daktari alisema. "Ilirudi nyuma ikakosa pa kuegemea."

Priscah alizikwa, lakini tangu hapo hakumwacha Beverly. Akiandika ubaoni, alisikia mtu akipumua nyuma yake. Kanisani alijikuta amesogea, amemwachia nafasi kwenye benchi. Mumewe Weldon alimwombea, akamshauri abadilishe shule. Alibadilisha. Pumzi ile ikamfuata.

Mwaka huu maafisa walikuja Bomet kuchukua maoni ya wananchi kuhusu kanuni za usalama wa magari. Beverly alikwenda, na Mama Tecla, aliyemzaa Priscah, akaomba waende wote. Watu walizungumzia breki, mikanda, matairi. Zamu yake ilipofika, Beverly aliuliza, "Na yule anayekaa katikati, nyuma? Kichwa chake kimewekewa nini?"

"Mwalimu," afisa alijibu, "magari mengi hapa ni ya zamani. Yaliundwa hivyo."

"Watu hawakuundwa hivyo."

Afisa aliinamia karatasi zake, akasema watalizingatia. Mpaka leo Beverly hajasikia lolote.

Wakati wa kurudi, shemasi mmoja aliwapa lifti. Beverly alipokuwa akiaga watu, Mama Tecla alishaingia, akakaa katikati. Kumwomba ahame kungekuwa kumwambia usoni kwamba kiti kama hicho ndicho kilichomuua bintiye. Basi Beverly akaketi kando yake, akanyoosha mkono nyuma ya shingo ya yule mama, akaukaza hapo. Gari lilipopunguza mwendo kwenye matuta, alifumba macho, akasubiri. Mkono ulikufa ganzi kabla ya Kaplong. Hakuuondoa.

"Mwanangu," Mama Tecla alisema bila kugeuka, "Priscah alisema nini mwisho?"

"Hakusema, Mama. Alikuwa anacheka. Ndama mmoja alikuwa amegoma kuvuka."

Mama Tecla akaachilia kichwa chake chote, kizito, kikalala juu ya mkono wa Beverly.